Kila Mkoa na Mwezi Wake

Watu wakisikia kwamba likizo zangu huzimalizia kwenye mabasi, treni na boti za humu humu nchini, swali la kwanza huwa lile lile: "Mwezi gani ni mzuri kutembea Tanzania?" Nami huwarudishia swali: unaelekea upande gani? Sikwepi kujibu. Februari hiyo hiyo, mtu wa Dar es Salaam analala na feni usiku kucha, mtu wa Makete amejifunika mablanketi mazito huku mvua ikipiga bati, na mfugaji wa Longido anatazama anga akiomba masika isichelewe. Anayeuliza mwezi bila kutaja mahali bado hajaniambia anataka kuona nini.

Kuna jibu lililozoeleka, nalo utalikuta kila mahali: Juni hadi Oktoba. Majani yamekauka, wanyama wamekusanyika kwenye maji, barabara za hifadhini zinapitika, na Ulaya watu wako likizo. Kwa mgeni anayekuja mara moja katika maisha yake kuona simba, ushauri huo ni sahihi kabisa. Lakini sisi tunaoishi hapa tumeuchukua mzima mzima tukaufanya kalenda yetu. Matokeo yake Mtanzania anagombea chumba Karatu mwezi wa Agosti pamoja na watalii wa dunia nzima, halafu miezi inayobaki anakaa nyumbani akiamini hakuna cha kuona. Hilo linaniuma, kwa sababu mengi ya mambo mazuri niliyoyaona katika nchi hii niliyaona nje ya miezi hiyo, na yalinigharimu nauli ya basi na chumba cha gesti tu.

Mimi ni mtu wa pwani. Kwetu mwaka unagawanywa kwa pepo na mvua. Kaskazi inavuma Desemba hadi Machi, na joto linapanda. Kisha masika, Machi hadi Mei. Kisha kusi na ubaridi wake wa Juni na Julai. Kisha vuli, Oktoba hadi Desemba. Hesabu hiyo inafaa pwani na kaskazini mashariki. Ukivuka Morogoro kwenda Dodoma, Singida na Tabora, au ukielekea Iringa, Mbeya na Songea, mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, halafu unapita muda mrefu bila tone. Ongeza mwinuko: kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua kwa takriban nyuzi sita. Mvua, upepo na mwinuko, hivyo vitatu ndivyo ninavyovitazama kabla sijaomba likizo kazini.

Aliyenifundisha kuitazama nchi hivi ni mzee mmoja wa Lushoto. Basi la Arusha linakushusha Mombo. Jua linachoma na mkonge umetanda tambarare yote. Unahamia gari dogo, mnaanza kupanda kilomita 33 za kona juu ya kona, mnapita maporomoko ya Soni, na kabla hujafika Lushoto kila abiria ameshafunga dirisha lake. Mzee nilimkuta Irente, pale ambapo mlima unakatika ghafla na tambarare inaonekana kule chini, karibu kilomita moja kwenda chini.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umepanda na sweta?"

Nilikuwa nalo. Akaridhika, akaniruhusu kukaa naye. Nilimuuliza kwa nini kule chini ardhi ni ya hudhurungi na nyuma yetu msitu wa Magamba umejaa ukungu na kuvu, na umbali wenyewe ni mdogo hivi. Akaelekeza mkono mashariki. "Mawingu yanatoka baharini, si ndiyo? Upande wa Amani ndio unaokunywa kwanza. Halafu sisi huku. Mkomazi wanabakiziwa makombo."

Sijapata kusikia maelezo mafupi na kamili kuliko hayo. Hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi inagonga milima ya Usambara, inalazimika kupanda, inapoa na kuangusha mvua, na ikivuka kwenda magharibi imeshakauka. Baadaye nilifika Amani kwa makusudi, kuhakikisha alichosema. Huko mvua inakaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na ukitembea msituni asubuhi nguo zinalowa bila mvua kunyesha. Kwenye miamba yenye kivuli nilioneshwa ua dogo la zambarau ambalo Wazungu wanalifuga kwenye vyungu madirishani. Asili yake ni milima hii. Ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyelipeleka Ujerumani miaka ya 1890, na jina la kitaalamu lililopewa wakati huo, Saintpaulia, lilitokana na yeye. Bustani ya mimea ya Amani yenyewe ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Mama wa Dar anayenunua ua hilo kwenye duka la maua mjini anaweza asijue kwamba anaweza kulifuata kwao kwa basi.

Lushoto naipenda Januari. Vuli imepita, milima ni kijani, ukungu wa Julai haupo, na sokoni kuna plamsi na mapeasi pamoja na kabichi, karoti na njegere zinazopakiwa kwenda Dar es Salaam. Mara nyingi najua mambo ya mahali kwa kuangalia malori yanashusha nini na yanapakia nini kuliko kwa kusoma mabango ya vivutio.

Kama kuna safari ambayo kalenda ya wageni ingeninyima kabisa, ni ya Kitulo. Uwanda huu uko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, kati ya Mbeya na Njombe, na ukawa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Wenyeji wanauita Bustani ya Mungu. Ukienda Agosti, msimu mzuri kwa mujibu wa vipeperushi, utakuta nyasi zilizokauka na baridi kali. Maua yanafuata mvua: yanaanza Desemba na kuendelea hadi Aprili. Kwa hiyo nilikwenda Februari, nikapanda treni ya TAZARA kutoka Dar. Reli hiyo ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ilijengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, na dirisha lake ni shule tosha. Kwanza unapita hifadhi ya Nyerere, na mwenye bahati anaona twiga. Kisha bonde la Kilombero, mpunga na miwa, joto jingi. Kisha kutoka Mlimba treni inaanza kupanda kuelekea Makambako, handaki baada ya handaki, daraja baada ya daraja, na watu wanaanza kutoa makoti kwenye mabegi. Ndege ingenivusha vyote hivyo kwa saa moja na nusu nisione hata kimoja.

Njia ya kwenda uwandani kutokea Chimala inaitwa Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake. Mvua ilikuwa imenyesha jana yake. Nikamtafuta dereva stendi, kijana wa makamo, nikamuuliza kama njia inapitika.

"Dada, hadi saa nne itakuwa imekauka kidogo. Tukiondoka sasa tunafika Matamba vizuri. Tukisubiri mchana, mvua itatukuta kwenye kona."

Tuliondoka na tukafika, na mvua ikaanza wakati naingiza begi chumbani. Tangu hapo habari za njia nawauliza wanaoipita kila siku: madereva, makondakta, bodaboda. Mtu wa mapokezi hotelini ana adabu zake, lakini hajapita njia hiyo leo asubuhi.

Na maua? Sitayaeleza yote. Kitulo ina aina zaidi ya 40 za okidi, na nyingine ni ndogo kiasi kwamba bila askari wa hifadhi kuinama na kunionesha ningezikanyaga. Yeye ndiye aliyenieleza habari ambayo sijaisahau. Okidi hizi zina viazi chini ya ardhi, na Zambia viazi hivyo vinasagwa kutengeneza chakula kiitwacho chikanda. Vilipopungua huko, wanunuzi wakavuka mpaka, na watu wa vijiji vya huku wakaanza kuchimba kwa magunia. Hiyo ilikuwa moja ya sababu za kuufanya uwanda kuwa hifadhi. Nilipomuuliza kama wanakijiji walikubali kwa urahisi kuachana na biashara hiyo, alikaa kimya kidogo, akasema, "Wewe ungekuwa na ada ya mtoto ya kulipa, ungekubali kwa urahisi?" Nilipenda kwamba hakunipamba jibu. Mtalii akifika Matamba, akalala hapo, akala viazi mviringo na chai hapo, akamlipa kijana wa hapo amtembeze, anaweka fedha mahali ambapo okidi iliyobaki ardhini ina thamani kuliko iliyochimbwa. Lakini mtalii huyo anahitajika Februari na Machi, na wengi wetu miezi hiyo tunasubiri "msimu".

Pwani nako kuna msimu ndani ya msimu. Kilwa, kilomita zipatazo 300 kusini mwa Dar, naielewa kwa pepo. Majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi yalishuka na kaskazi, yakarudi na kusi, na wanahistoria wanaeleza kwamba Kilwa ilikuwa karibu na mwisho wa umbali ambao chombo kiliweza kuja na kurudi bila kukosa upepo. Ndiyo maana dhahabu ya Sofala, kwenye pwani ya Msumbiji ya leo, ilipitia hapa, ndiyo maana Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipofika mwaka 1331 alikuta mji uliojengwa vizuri, na ndiyo maana Wareno walipokuja mwaka 1505 waliuvamia. Mtu anaweza kuyasoma haya mezani. Kuyaamini kwa mwili ni jambo jingine: unachukua kibali Kilwa Masoko, unapanda chombo kuvuka kwenda Kisiwani, na nahodha anakupangia muda.

"Njoo mapema, dada. Mchana upepo unaamka, kurudi itakuwa kazi."

Kisiwani nilitembea na kijana mwenyeji kutoka Gereza, ngome ya zamani, hadi Msikiti Mkuu, chini ya kuba zake za mawe ya matumbawe, kisha hadi Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman lililojengwa juu ya genge linalotazama bahari. Kuna birika la pembe nane lililochimbwa ndani ya jumba hilo. Nilikaa ukingoni kwake nikitazama bahari, na upepo wa kusi ukinipiga usoni nikafahamu kwa nini mtu mwenye uwezo wa kuchagua popote alichagua hapa. Magofu haya na ya Songo Mnara yako katika Urithi wa Dunia tangu 1981. Siku niliyokwenda, wageni wengine walikuwa wanafunzi wa sekondari ya Lindi na mwalimu wao tu, na nilifurahi sana kuwaona.

Septemba na Oktoba, kusi ikianza kulegea, ndiyo miezi ninayoipendekeza kwa Kilwa. Aprili na Mei hapana. Barabara ya Dar hadi Lindi inapita mabonde yanayojaa maji, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikata mawasiliano kabisa, madaraja yakasombwa na mabasi yakakwama. Kama umetoka kusini na muda bado unao, Mafia ina papa potwe karibu na Kilindoni kati ya Oktoba na Februari. Ni samaki mkubwa kuliko wote duniani, na anakula viumbe vidogo sana vya baharini. Wavuvi wanajua yuko wapi kwa sababu wanafuata dagaa wale wale anaowazunguka. Nenda na wavuvi hao.

Kaskazini nitapita haraka kwa sababu yameshasemwa mengi. Naongeza moja tu: nyumbu wenyewe hawafuati kalenda ya hoteli, wanafuata mvua. Januari hadi Machi wako nyanda za kusini mwa Serengeti na Ndutu, wanazaa, kwa sababu majani mafupi ya huko yameota kwenye majivu ya volkano yenye madini mengi. Mtanzania analipa kiingilio kwa shilingi, sehemu ndogo sana ya anacholipa mgeni. Gharama kubwa ni gari, basi changishaneni gari. Beba kitambulisho.

Kondoa ndiko nisikotaka kupita haraka. Watu wengi wanapita njia ya Dodoma kwenda Babati wasijue kwamba Kolo, kaskazini kidogo ya mji wa Kondoa, wanapita chini ya michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Nilikwenda Mei, mvua zimekwisha, hewa safi, vumbi halijaanza kuruka. Unaanzia ofisi ya mambo ya kale hapo Kolo, unapewa mtembezaji, mnapanda mlima kwa miguu. Juu, kwenye kuta za mawe, kuna pofu na twiga kwa rangi nyekundu, na watu wembamba warefu ambao nywele zao zimechorwa kwa ustadi wa ajabu. Wataalamu wengi wanaihusisha michoro ya namna hii na wawindaji wa kale, na Wasandawe wanaoishi upande huo wa Kondoa na Chemba ni kati ya wanaotajwa kuwa na ukoo nao.

Lakini kilichonishika ni mlima wa Mungumi wa Kolo. Mtembezaji alituomba tuongee taratibu tulipokaribia, kwa sababu wazee wa jirani bado wanapanda pale kufanya tambiko, na moja ya haja zao kuu ni mvua. Nilitazama chini, nikaona makorongo yaliyochimbwa na maji, udongo mwekundu uliokatwa katwa. Sehemu ya Irangi, eneo hili la Kondoa, ilichakaa kiasi kwamba mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililoathirika ili ardhi ipumzike. Leo miti imerudi sehemu nyingi. Hapo juu niliona kwa pamoja mambo ambayo kwa kawaida tunayasoma mbali mbali: wachoraji wa kale waliofuata wanyama, wazee wanaoomba mvua, na serikali iliyolazimika kuwaambia watu wahamishe ng'ombe. Wote walikuwa wanahangaikia kitu kile kile kinachoanguka Desemba na kukoma Aprili, milimita 600 hivi katika mwaka wa kawaida. Ndipo nikaacha kuiita Dodoma mkoa mkavu kwa dharau, kama tunavyofanya watu wa pwani. Zabibu zake zinavunwa mara mbili kwa mwaka kwa sababu ya jua hilo hilo.

Na kisha kuna Bukoba, ambako hesabu zangu zote hazikunisaidia. Nilipanda meli ya usiku Mwanza, nikaamkia bandarini, na mvua ilikuwa inanyesha. Ilikuwa Novemba. Bukoba inapata karibu milimita 2,000 kwa mwaka zilizogawanyika katika miezi yote, kwa sababu ziwa lenyewe linatengeneza mawingu na upepo wa asubuhi unayasukuma ufukweni magharibi. Mama mwenye nyumba niliyofikia alinikuta sebuleni nikitazama nje.

"Shikamoo mama. Nasubiri ipungue kidogo."

"Marahaba mwanangu. Hapa ukisubiri mvua utarudi kwenu hujaona kitu. Chukua mwavuli huo, twende sokoni."

Tukaenda. Migomba imezunguka kila nyumba na kahawa inaota chini ya kivuli chake. Sokoni kuna buni za kutafuna zilizochemshwa na kukaushwa, na kila upande watu wanazungumzia senene. Usiku uliotangulia walikuwa wameruka. Vijana walikuwa wamekesha na taa kali na mabati yaliyosimamishwa juu ya mapipa. Senene wanafuata mwanga, wanagonga bati, wanateleza ndani. Akina mama walikuwa wamekaa wakitoa mabawa na miguu kwa kasi ambayo macho yangu hayakuweza kuifuata. Mwenyeji wangu alinunua kikombe baada ya kikombe, na jikoni akanionesha kwamba hawahitaji mafuta mengi, yao wenyewe yanatosha, chumvi na kitunguu basi.

"Bibi yangu alikuwa anawakusanya," aliniambia akigeuza kikaango, "lakini hakuwala. Walikuwa chakula cha wanaume." Akanisogezea sahani ya kwanza mimi, ya pili akaichukua yeye.

Tuliwala na ndizi za kupika, mvua ikiendelea. Jioni nilimuuliza ni mwezi gani wageni wanakuja kwa wingi. Akasema ni Desemba, Wahaya wanaporudi nyumbani kwa sikukuu, lakini wageni wa kutembea tu, kama mimi, ni wachache sana mwaka mzima. Novemba ijayo narudi kwake, na safari hii nitaendelea hadi Karagwe, ambako sijafika, nikaulize huko mvua yao inaanza lini.